Kiti cha Trekta la Mama

Nyumbani kwa Mama,
Mezani jikoni,
Jumapili, tarehe 28.

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepona, au bado unakohoa na kujidai mzima? Wifi yangu hajambo? Na watoto wanasoma, au wamerithi uvivu wa baba yao? Huku sisi wazima. Shemeji yako mzima, ameongezeka tumbo tu. Habari ya Mama nitaifikia, kwa sababu yeye ndiye barua yenyewe.

Nisamehe kwa mwandiko huu. Naandika haraka kwa furaha, na kucha zina grisi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa.

Spana, nimenunua trekta. Usicheke kwanza. Ni trekta dogo la bustani, la zamani sana, urefu wake haufiki kifuani kwangu, lina taa mbili za mbele zinazotazama huku na huku kama macho ya kinyonga. Bei sitakutajia maana utapiga kelele.

Unajua Mama alivyokuwa tangu avunjike nyonga. Daktari alisema mfupa umeunga vizuri, sasa atembee. Mama akamjibu kwamba atatembea akipata mahali pa kwenda. Basi miezi saba ikawa ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha jikoni, na kutoka kiti cha jikoni hadi kitandani. Shamba la chini likaota majani hadi kiunoni. Ndipo jirani mwenye malori akaanza kuja na maneno yake matamu, kwamba pale pangemfaa kuegesha magari, na Mama akamwahidi jibu Jumatatu hii, yaani kesho. Na wewe ukatumiwa karatasi ya mauzo utie saini.

Sikukulaumu uliposema kama Mama ameridhika, basi auze. Ila wewe hukumwona anavyolitazama lile shamba kutoka dirishani huku chai inapoa. Mtu aliyeridhika hatazami hivyo. Mimi roho iliniuma, nikasema liwalo na liwe.

Trekta nililipata kwa mjane mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa akikata nyasi za uwanja wa mpira. Lilikuwa limekaa bandani miaka tisa, kuku wametagia kwenye kapu lake la nyuma. Yule mama alilipangusa kwa kanga yake kabla ya kuniachia, akaniambia kwamba yeye na mashine hajui lolote, ila mumewe na trekta lile walikuwa wamezoeana mno, hata akiinuka tu, nalo linanyamaza. Nikaona ni maneno ya majonzi, nikamshika mkono, nikampa pole. Ungekuwepo wewe, uliyefungua redio ya Baba ukiwa na miaka sita, labda ungeuliza swali moja la maana. Mimi nilitoa pole tu.

Kazi tulimpa fundi wa pampu, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Alikuta panya wamejenga kwenye chujio la hewa. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda ndani ya kabureta mithili ya asali. Akasafisha, akabadilisha plagi, mkanda na betri, akaziba tangi lililokuwa linavuja. Shemeji yako akapiga rangi nyekundu, mpaka rangi ikamwishia kwenye shati la kazini. Kiti nilikipeleka kwa fundi wa makochi, kikarudi na ngozi nyeusi inayong'aa, na tulipokifunga tukakivika nailoni kisiingie uchafu.

Hapo ndipo tulipojiroga wenyewe. Shemeji yako, unamjua kwa kupenda hotuba, alitangaza uani kwamba trekta hili limenunuliwa kwa ajili ya Mama, kwa hiyo hakuna makalio yatakayotangulia ya Mama kwenye kiti hicho. Sote tukaafiki. Hata Taratibu aliheshimu, akawa anawasha akiwa amesimama pembeni, kwa mkono ulionyooshwa.

Likagoma. Stata inazunguka vizuri, mafuta yanafika, cheche hakuna. Akabadilisha koili inayozalisha cheche, hakuna. Akafuata waya mmoja mmoja, hakuna. Siku kumi na mbili, Spana! Nilikuwa nikitoka kazini navua viatu naingia uani na tochi mkononi, nashika nisichokijua. Mama anatutazama dirishani. Jana asubuhi Taratibu, ambaye sijawahi kumsikia akikata tamaa, aliniambia huenda mashine imekufa kweli. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Nakwambia wewe tu, shemeji yako nilimwambia ni petroli imeniingia machoni.

Alipokuwa anajaribu mara ya mwisho kabla ya kufunga vifaa vyake, tukasikia fimbo. Mama amevuka mlango wa jikoni. Amevuka uwanja wote, hatua kwa hatua, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akafika akihema.

"Huyu mgonjwa wenu mnamtibu nini kila siku na haponi?" akauliza.

Mguu ulikuwa umechoka na uani hapakuwa na kiti kingine. Akajitupa juu ya nailoni yetu, pwa. Na Taratibu mkono wake bado uko kwenye ufunguo.

Liliwaka. Liliwaka kwa moshi na mngurumo, kuku wakapanda ukutani, na mimi nilipiga ukelele wa aibu mtaa mzima ukasikia. Mama akashtuka, akainuka, nalo likazimika. Akakaa, Taratibu akazungusha ufunguo, likawaka. Mama alipoinuka tena, Taratibu akainua kile kiti kuchungulia, akakuta kitufe chini yake, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekisugua kwa brashi na kuzifunga waya zake vizuri. Pasipo uzito wa mtu wa kukibonyeza, trekta halitoi cheche. Yule mjane alinieleza yote siku ya kwanza, na mimi nikampa pole!

Taratibu alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alirudi kitini, akashika usukani kwa mikono miwili, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe mlikuwa mnanisubiri mimi," akasema.

Spana, hapo machozi hayakuhitaji petroli.

Jana ileile alijifunza gia. Leo shemeji yako na Taratibu wametangulia kufyeka majani, Mama akafuata na jembe dogo nyuma ya trekta. Ninavyoandika ni saa kumi jioni na amemaliza mistari minane, imepinda kidogo, lakini nani atamwambia? Tumembembeleza ashuke ale, amesema akiinuka litazimika. Jirani wa malori hakungoja kesho. Alikuja mchana kusikia kunani, akasubiri uzioni muda mrefu, Mama akampungia mkono akapita. Hilo ndilo jibu lake.

Nisalimie sana wifi, wanangu wote wawili, na yule rafiki yako mpishi anayekulisha. Shemeji yako anakusalimu na anadai shati jipya. Mungu akutunze, akulinde njiani na kazini, akurudishe tukuone kwa macho.

Mama ameniita shambani anipe ujumbe wako kabla sijafunga bahasha. Ile karatasi usiitie saini, wala usiitupe. Irudishe hivyohivyo. Anasema upande wa nyuma ni mweupe, anataka kuandika mbegu za kununua.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye grisi na furaha,

Dada Mkubwa