Reli ya Bi Zuhura

Mama Ruthi wangu, hamjambo hapo Korogwe? Huku Unguja mvua na jua vinapokezana kutwa.

Leo Bububu nimeipata reli ya zamani. Kimebaki kipande kimoja tu, nacho Bi Zuhura amekisimamisha uani kwake kuwa nguzo ya kamba ya nguo. Nikatoa kamera, filamu imebakiwa na picha moja.

"Kula kwanza, Mchungaji," akasema. "Treni haiji."

Akanilisha muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Kumbe ananichelewesha wajukuu wavae nguo za Idi. Wakajipanga mbele ya reli, isionekane hata ncha. Nikapiga.

Wewe hulalamika sina picha za watu. Nikirudi salama, tushushe ile picha ya garimoshi ukutani sebuleni, tuwatundike hawa.

Mungu awalinde.

Mumeo