Ngata ya Bibi Chini ya Gramafoni

Mabatini, Mwanza
14 Agosti 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepoa, na Baba amekwisha kuuza pamba. Sisi ni wazima, na mimi nina furaha mpaka majirani wananitania kwamba nafagia uwanja huku nacheka peke yangu.

Luhaga ni mume wa kumshukuru Mungu. Jioni akitoka bandarini tunakaa kwenye kochi letu moja kusikiliza gramafoni aliyotuzawadia mjomba wake. Tatizo ni mashine ya kusaga ya jirani. Ikinguruma sakafu inatetemeka, sindano inaruka, na mwimbaji anarudia neno moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Rafiki yake Otuoma akamletea kutoka Sirari vimiguu vinne vya mpira, akidai vinazuia mtetemo na kuongeza utamu wa muziki. Luhaga akavipanga chini ya gramafoni, akafumba macho, akasema sasa anasikia hata kucha za mpiga gitaa. Akaniuliza kama nami nasikia. Nikamwambia nasikia sana. Kweli sindano ilitulia, lakini utamu ulikuwa uleule. Ningeukatalia vipi uso ule, Mama?

Jumamosi moja niliviosha, nikaviona vinafaa kuegeshea sufuria ya maharage iliyotoka motoni. Viliyeyuka vyote! Kwa hofu nikachukua ngata uliyonipa siku naondoka Bujora, ile aliyobebea maji Bibi, nikaifumua, nikasuka ngata nne ndogo, nikaziweka pale na kushusha kitambaa cha kufuma kuzificha. Nisamehe, Mama. Ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki mbili nzima Luhaga alialika watu waje kusikia utamu wa mipira ya Otuoma. Alipotaka kuagiza mingine ya spika, nilishindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Alibisha. Akasema sikio lake halidanganyiki, nimfunge kitenge machoni. Ilikuwa Jumapili, mashine imelala. Nikawa naziweka ngata na kuzitoa, naye anabahatisha kama zipo. Akakosa mara nne kati ya sita. Nilipomfungua nilidhani nimemvunja moyo. Kisha akaniuliza kwa upole, siku ile ya kwanza nilikuwa nasikia nini hasa. Nikajibu kwamba nilikuwa namtazama yeye tu. Mama, alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaniomba nisimdanganye tena hata kwa mapenzi.

Jumatatu mashine ikanguruma, na sindano haikuruka. Sasa hataki mtu aziguse ngata zile. Anasema zilizoea kutuliza mtungi wa Bibi, sindano ni kitu gani kwazo.

Mwezi ujao tutakuja. Yeye atakuomba ruhusa zibaki pale, nami nitakuomba unisukie nyingine, maana siku hizi nabebea maji shati lake kuukuu, na linateleza.

Msalimie Baba, na mdogo wangu Bernadeta mwambie kitambaa alichonifumia kinapendeza.

Mwanao mwenye raha,
Kija