Mama Amekataa Kulala Chini ya Zile Nyaya

S.L.P. 83,
Tororo,
Uganda.
12 Septemba, 1965

Mpendwa kaka Herbert,

Pokea salamu zetu nyingi za hapa nyumbani. Hujambo wewe, na wifi Kalunde hajambo? Anyango mdogo ameshaota meno, au bado anawacheka kwa ufizi? Sisi huku tu wazima wote. Ukifika kwenye habari za Mama usishtuke ukakimbilia stesheni. Ni mzima kabisa, nimemsikia sasa hivi akimfukuza mbuzi wa jirani kwa sauti yake ile ile.

Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili wifi asome mwenyewe. Nakujua wewe, ukimtafsiria barua zetu za Dhopadhola unakata sehemu zote tamu.

Ulezi umekubali sana mwaka huu, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Baba aliwaita wenzake wa zamani wa relwe waje wanywe kongo, ile pombe yetu ya ulezi. Mvua ikanyesha, chungu kikaingizwa sebuleni, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu wakasahau kwao. Walipoondoka, Mama aliiosha ile mirija, na kwa kuwa nje kulikuwa na maji tupu, Baba akaitundika ikauke juu ya ule waya mnene unaopita juu ya mlango wa chumba cha kulia. Alisema Mhindi aliyejenga nyumba hii aliuweka pale kwa ajili hiyo.

Zile nyaya unazikumbuka. Mhindi yule alizivuta kabla mji haujapata umeme, alipokuwa na injini yake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuzibadilisha. Baba tangu ainunue nyumba amekuwa akiongeza tu. Pasi ilikuwa ikining'inia kwenye mdomo wa taa, na waya wa redio umepandishwa juu ya ule wa pasi. Fyuzi ilipokuwa inakatika kila mara, akaifunga kwa waya mnene wa kuanikia nguo, kisha akajisifu kwamba tangu siku hiyo haijamsumbua.

Asubuhi yake Mama alikuwa amemaliza kupiga deki, miguu mitupu, akanyoosha mkono kuishusha mirija. Unajua kila mrija wa Baba una kichujio cha bati mwishoni. Kimoja kilikuwa kimeteleza mpaka pale kitambaa kinachouvika waya kilipochakaa. Umeme ukamrusha hadi kwenye kabati la vyombo. Mimi nilisikia sahani zikianguka, nikakimbia, nikamkuta ameketi sakafuni, kilemba kimemtoka, mkono hausikii kitu. Kaka, niliogopa sana. Nilimshika nikalia kabla yeye hajalia.

Baba naye, badala ya kumpa pole, akasema umeme ulimgusa tu. Mama akanyanyuka, akafunga kilemba chake taratibu.

"Mimi nakwenda kwetu," akasema. "Hii nyumba iko na nyoka ndani ya ukuta, na mwenye nyumba ndiye nalisha yeye."

Akapanda basi la Busia, akaenda kwa mjomba Oguttu huko Bulumbi.

Mwanzoni Baba alipiga miluzi kama mtu aliyepewa likizo. Akakataa nisimpikie, akasonga mwenyewe posho, ndiyo ugali wenu huko, na mbwa akainusa akaenda zake. Lakini jioni moja alizima redio katikati ya habari, jambo ambalo sijapata kuliona, akaniambia, "Loy, kama angekufa, ningewaambia nini?" Kesho yake akavaa koti, akakamata jogoo, akaenda Bulumbi kama mkwe anayetafuta mke upya.

Jogoo alipokelewa, Mama hakutolewa. Mjomba alimkarimu vizuri, akamshibisha samaki, kisha akamwambia, "Shemeji, dada yetu hatuwezi kurudisha kwa hiyo waya. Tengeneza nyumba kwanza, halafu kuja."

Basi Baba aliporudi akapitia Busia, akavuka upande wa Kenya kutafuta fundi, akatuletea Phanuel Wanjala. Huyo bwana hana nukta katika maneno yake! Viatu vinang'aa, nyimbo za kanisani zinamtoka hata akiwa darini. Kitu cha kwanza alizima swichi kubwa, akapima kuhakikisha hakuna moto kwenye nyaya, Baba akilalamika kwamba kuna mpira redioni. Alipopanda juu alikuta panya wamejenga mji mzima na kutafuna nyaya zikabaki uchi. Akateremsha vipande akamwekea Baba mkononi. Baba akavitazama, kisha akaenda mwenyewe kumshikia ngazi.

Sasa nyaya zote ni mpya, zimepitishwa ndani ya mabomba. Pasi ina tundu lake ukutani na redio ina lake. Fyuzi ni za kipimo, na kuna waya unaoshuka ardhini nje ya ukuta, ili umeme ukitoroka ukimbilie huko usimpitie mtu. Mkaguzi wa umeme alikuja akapima, akaridhika. Na wewe, kaka, hiyo nyumba yenu ya relwe si changa. Mwite fundi aitazame, na usije ukafunga fyuzi kwa msumari, maana damu ya Baba unayo.

Jana Mama alikuja na mjomba. Hakutua mzigo. Alipita chumba kwa chumba akitazama juu, Wanjala nyuma yake akieleza kila bomba. Mwisho akasimama pale pale mlangoni aliporushwa na umeme, akamwaga kikombe cha maji sakafuni.

"Baba Herbert," akasema, "vua viatu. Simama hapo, shika hiyo swichi, tuone."

Wanjala akapiga kelele, "Mama, hapana! Hata waya mpya haichezewi na maji!"

Lakini Baba alikuwa ameshainama. Akavua viatu, akavua soksi, moja ina tundu la kupitisha yai. Akakanyaga maji. Hakubishana, Herbert, hata neno moja. Akanyoosha mkono.

Mama alitupa mzigo akamdaka mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wacha!" akamfokea, machozi yanamtoka. "Ukikufa wewe mimi nabaki na nani?"

Wakabaki wameshikana hivyo, mjomba akatazama dirishani, Wanjala kwa mara ya kwanza akakosa la kusema. Kisha Mama akacheka, Baba akacheka, sote tukacheka mpaka tukaishiwa pumzi.

Mjomba Oguttu anawasalimu, na Baba anasema umwandikie. Mbusu Anyango kwa niaba ya shangazi yake. Mwenyezi Mungu aiweke mikono yake juu ya paa lenu hapo Tabora, awalinde mlalapo na mwamkapo.

Nimalizie ulichokuwa unangoja: Mama amebaki? Tulipokuwa bado tunacheka, alichukua kitambaa, akamsukuma Baba pembeni, akapangusa sakafu yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana,
Loy