Hakuna Dada wa Hivyo

Chumba cha Kushonea,
Nyumba ya Kona, Ghorofani.
Jumapili, tarehe 14, alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Kidoti,

Hujambo huko uliko? Habari za wagonjwa wako, na za miguu yako? Mara ya mwisho uliniambia zamu za wodini zinakuvimbisha vifundo. Natumaini umeshavinunua vile viatu vya mpira, si kuvitazama tu dukani. Shemeji yangu amepona kikohozi? Na binti yetu, bado anaogopa ngazi? Mwambie mama mkubwa wake anamshonea gauni lenye mifuko miwili, kama alivyoagiza.

Mimi mzima, ila mgongo. Cherehani nayo nzima, ila inalia. Tunazeeka pamoja, hatuambiani tu. Mvua zimekatika, na siku hizi mwanga wa mchana unaingia dirishani taratibu, unalala juu ya vitambaa, nami nasinzia na sindano mkononi. Jana nilipachika mkono wa kushoto upande wa kulia, mteja akacheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima naishi nusu macho, nusu ndotoni, na sababu yake ni filamu.

Kabla sijakusimulia, nina ombi. Filamu hiyo itakufikia kwenye simu, maana watu wameshaanza kurushiana. Ukiitazama utajua jambo ambalo nilipaswa kukuambia kwa mdomo wangu miaka kumi na moja iliyopita. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unaniwahi kunichekesha, na nikishacheka sisemi tena. Naogopa kukupoteza, Kidoti. Soma mpaka mwisho, halafu ndipo unikasirikie.

Filamu yenyewe kaitengeneza Mpigapicha, yule wa picha za harusi aliyepanga chumba cha chini baada ya wewe kuondoka. Hakuwa na kitu, maskini. Kamera moja, taa moja ya kuazima kwa seremala. Askari wake wawili wa kuigiza walikuwa na koti moja, kwa hiyo hutawaona wamesimama pamoja hata mara moja! Nguo zote nilishona mimi bure, na binti aliye steringi nikampa gauni lako la kijani, lile la vifungo vya mbele, kwa vile lilimkaa bila hata kupunguza.

Jumamosi ya tarehe 6 mchana akatuonyesha kwenye karakana ya seremala. Madirisha tuliyaziba kwa bitana yangu ya buluu, na jua likapenya humohumo, tukawa sote watu wa buluu, vumbi la mbao likielea juu yetu. Picha ilipigwa kwenye shuka. Sauti ilichelewa kidogo: mtu anafungua mdomo, anafunga, ndipo neno linakuja. Nilijihisi nimelala huku nimekodoa macho. Yule binti alipotokea kwa nyuma, akitembea taratibu na gauni lako, nusura nikuite.

Hadithi ni hii. Binti amepata nafasi ya kusomea uuguzi mbali, baba yake hataki. Anapanga kutoroka kwa basi la asubuhi. Anamwambia dada yake peke yake, na mkoba anauficha chini ya marobota ya vitambaa. Anafika kituoni, anamkuta baba kasimama kwenye mlango wa basi. Nani kasema? Hapo ndipo roho za watu ziliporuka. Unamshuku shangazi aliyeingia chumbani siku ile kukunjiwa upindo, unamshuku mkata tiketi, unamshuku jirani. Kila mlango ukifunguka, muziki wa hatari, hata akiingia kuku. Mwishoni kabisa inajulikana ni dada yake.

Najua hapa umeiweka barua chini. Ichukue tena, mama.

Taa zilipowashwa kila mtu akawa na lake. Seremala alisema amependa mashaka, ila mkata tiketi alivaa ndara zake bila kumwomba. Muuza mboga alisema toka mwanzo alijua ni shangazi, shangazi hawanaga dogo, na filamu imemwibia ushindi wake. Mwalimu mstaafu alisifu picha, akasema lakini mtunzi ameishiwa mwishoni. Kinyozi ndiye aliyepandisha sauti: "Dada mtu! Waliolala kitanda kimoja! Hakuna dada wa hivyo." Wote wakaitikia, hata waliokuwa wameshasimama kuondoka. Mpigapicha wa watu alibaki anakunja waya.

Kisha wakanigeukia mimi. Muuza mboga akasema, "Muulizeni Fundi, ana mdogo wake mbali. Fundi, wewe ungeweza?"

Nilicheka. Nikasema, "Thubutu! Siwezi."

Kidoti, nilikuwa mimi. Si Shangazi. Nilikuwa nampigia baba pasi shati lake, wala hakuniuliza kitu. Nikaona chumba hiki bila wewe, kitanda kile bila wewe, nikamwambia saa ya basi na mkoba ulipo. Nilidhani atakukataza tu, ubaki, yaishe. Sikujua kwamba atakuchukulia zile karatasi zako za chuo na kuzichana mbele ya abiria. Uliporudi nilikushika mkono. Uliposema, "Ni Shangazi, ndiye aliyeingia humu," niliendelea kukushika mkono na sikusema neno. Ulipoteza mwaka mzima wa masomo, na Shangazi akakupoteza wewe. Ulipoondoka mwaka uliofuata ulimpita pale barazani bila kumuaga, nami nilikuwa nimekubebea mkoba. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo yalivyokuwa.

Utauliza Mpigapicha kayajulia wapi. Ni mdomo wangu. Unajua kazi yetu: ukimpima mtu mabega unasimama nyuma yake, huoni uso wake wala yeye hauoni wako. Alikuwa analalamika kwamba hadithi yake haina mwisho. Nikiwa na futi yangu pale mgongoni nikaanza, eti ni habari ya mteja mmoja, na kabla sijafika kwenye urefu wa mikono nilikuwa nimemwaga yote. Hakugeuka. Aliniuliza tu kama huyo mteja aliwahi kuomba msamaha. Nikamwambia avute pumzi nimpime kifua.

Sasa sikia la Shangazi. Siku ya filamu alikuwa amekaa kulia kwangu na fimbo yake. Macho yake siku hizi yanaona mwanga tu, alikuja kusikiliza. Wote walipokuwa wanaukataa ule mwisho, yeye alisema, "Mimi nimeuamini." Wakamtania, "Shangazi, na hata picha huoni!" Akaipapasa fimbo yake, akainuka.

Njiani alinishika mkono. Jua lilikuwa bado kali nami nilikuwa bado naona buluu kila mahali. Akasema anajua tangu siku ile ya basi, maana baba alimwambia. Nikamuuliza kwa nini alikubali kubeba lawama yangu miaka yote hii, akaniambia: "Ningesema, mdogo wako angebaki na nani wa kumwandikia?" Nililia barabarani kama mtoto, mpaka muuza maji akaniuliza kama nimefiwa. Tulipofika mlangoni akaniambia nikuandikie mwenyewe, nisiache uambiwe na shuka.

Basi nimekuandikia. Nisamehe, Kidoti. Sikuombi unisamehe leo wala mwezi huu. Ukitaka kuninunia ninunie, ni haki yako, ila mpigie Shangazi. Simu yake ni ile ile, na ikilia huwa anaulizia kwanza kama ni namba ya mbali.

Seremala anakusalimu, anasema kitanda cha binti kiko tayari siku mtakayokuja. Muuza mboga anakusalimu pia. Msalimie shemeji yangu, umbusu mtoto. Na Shangazi anakusalimu. Kila barua niliyokuandikia tangu uondoke, aliniambia, "Mwambie namsalimia, mwambie ale vizuri." Nami nilikuwa naikunja karatasi bila kuziandika salamu hizo, kwa sababu uliniomba nisimtaje. Zilikuwa zako, nikakuzuilia. Leo nakupa zote.

Mungu akutunze na akulainishie moyo.

Ni mimi nikupendaye, niliyekukosea,
Dada yako,
Fundi.