Nimebadilisha Springi za Baba Mkwe Bila Ruhusa, na Ntheo ni Jumamosi

Mpendwa Shangazi Kavindu,

Naomba msaada, na naomba unijibu kwenye gazeti la Ijumaa hii usingoje ya wiki ijayo, kwa maana Jumamosi tunapeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, kwa kina mchumba wangu na mimi usingizi umenihama, na usidhani ni huzuni, niko na furaha, lakini ndani ya hiyo furaha kuna kitu kimenikwama kooni kama mfupa wa kuku.

Mimi ni kijana wa Mumbuni, kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha, na nimependana na msichana anaitwa Linet ambaye baba yake, Mzee Musau, alichunga ng'ombe miaka mingi kwenye ranchi moja kule Konza, na alipostaafu mwenye ranchi akampa pikipiki ya magurudumu matatu aliyokuwa akifuatia hao ng'ombe. Si tuktuk, Shangazi, watu wote nikiwaambia magurudumu matatu wanafikiria tuktuk. Hii ni ya porini, tairi moja mbele na mbili nyuma, zote zimefura kama maandazi, haina paa wala mlango, ilitoka Japani kabla mimi sijazaliwa, na hakuna nyingine kama hiyo kutoka Konza mpaka Matuu, nimeuliza. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwao Kathiani nijulikane, ilikuwa imelala kwenye banda la mahindi, kuku ametagia kwenye kiti, na mimi badala ya kumsalimia mama mkwe macho yalienda bandani yakakataa kurudi, mpaka Linet akanifinya.

Mzee aliona. Akaniuliza, "Wewe unaijua hii?" Nikasema siijui lakini natamani kuijua. Akacheka kwanza, halafu akasema, "Basi ichukue uniamshie. Osha, paka rangi, weka oili mpya, tafuta tairi. Lakini hiyo foku ya mbele usinifungulie. Hizo springi zimenibeba tangu niko kijana, na sitaki vitu vya boda boda kwa mashine yangu." Foku ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, Shangazi, na springi zimo ndani yake, moja kila mguu.

Nikaiamsha, na siku ilipowaka majirani wa Mumbuni walitoka nje kuona ni nini kinanguruma. Tatizo likaja nilipoijaribu kwenye mteremko. Nikishika breki ilikuwa inapiga magoti, foku inazama yote mpaka chuma kinagonga chuma, na siku moja nusura nipite juu ya usukani nitangulie mbele ya mashine. Nyuma haina springi hata moja, inategemea upepo wa tairi tu, kwa hiyo mbele ikichoka umebaki wewe na Mungu. Na kwao mzee ni mlimani, njia yote inashuka katikati ya matuta ya shamba, na yeye si kijana tena.

Kwa hivyo niliifungua. Sitakuficha wewe. Zile springi zilikuwa zimelegea mpaka zimekuwa fupi, nikaenda Matuu kwa jamaa anayeuza vipuri vya pikipiki zilizokufa, akatoa springi nene za pikipiki ya mashindano, na fundi Muli, ambaye tunagawana gereji, akaniambia, "Hapa kwetu foku tunapima na mzigo. Utabeba nini?" Nikafikiria siku ya ntheo, nikafikiria vile nitaingia pale nyumbani na mbuzi watatu kwenye keria na Linet nyuma yangu, nikamwambia mbuzi watatu, mimi, na Linet. Muli akakata vipande viwili vya bomba la maji, akaviweka juu ya springi ili vizikandamize zikaze zaidi, vile tunafanyia boda boda zote za kubeba magunia, na tukafunga.

Shangazi, siwezi kukueleza. Nilishuka ule mteremko na vyuma vyangu vimefungwa kwenye keria, nikashika breki, ikainama kidogo tu ikasimama wima kama askari. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya kofia ya pikipiki. Nilirudi juu nikashuka tena, na tena, mpaka petroli ikaisha nikaisukuma nyumbani nikiimba.

Sasa hapa ndipo shida inaanza. Jumapili iliyopita baada ya misa nikampelekea mzee aione. Akaizunguka, akashika usukani akaukandamiza chini mara mbili, akapanda. Akashuka nayo peke yake mpaka mtoni kwenye mchanga, akarudi juu vumbi limejaa kwenye nyusi, anacheka kama mtoto, majirani wamekusanyika, na akawaambia mbele yangu, "Mnaona? Hizo ndizo springi za zamani. Siku hizi hakuna mtu anatengeneza kitu kama hiki." Alikuwa anasugua vifundo vya mikono, akasema ni baridi. Halafu akaniambia, "Jumamosi wewe mwenyewe utasimama uwaambie wazee vile uliitengeneza." Nikasema sawa, nikarudi nayo gereji nikisingizia kumalizia rangi.

Nimwambieje? Linet anasema ninyamaze mpaka ntheo iliwe, kwa sababu mbuzi akishachinjwa harudi kuwa mbuzi. Kuna njia nyingine, nizirudishe springi za zamani kimya kimya kabla ya Jumamosi, lakini hiyo ni kumrudisha mzee kwa mashine inayopiga magoti, na nikimuona akiruka juu ya usukani sitajisamehe. Na kumwambia uso kwa uso naogopa, unajua nthoni, ile haya ya mkwe kwetu Wakamba, huyu ni mtu hata kumtazama machoni ni kazi, nitaanzaje kumwambia nilikaidi neno lake moja aliloniwekea? Akikasirika akasema kijana asiyesikia hawezi kupewa binti yangu, nitasema nini? Nampenda Linet, Shangazi, na huyo mzee pia nampenda, nataka tuzeeke tukitengeneza mashine pamoja.

Tafadhali usitaje jina langu. Nimekuandikia wewe kwa sababu mzee mwenyewe hununua gazeti kila Ijumaa asubuhi, husoma kuanzia matangazo ya vifo mpaka ukurasa wako, na husema wewe ndiye mwanamke peke yake katika Kenya hii anayesema ukweli.

Ni mimi,
Mwenye Mfupa Kooni, Mumbuni

SHANGAZI KAVINDU ANAJIBU

Mwanangu Mwenye Mfupa,

Hebu soma tena mstari wako wa mwisho. Umesoma? Umekuja kwangu na siri ya kumficha mtu, ukaniomba niichapishe kwenye ukurasa ambao mtu huyo husoma kila Ijumaa. Majina nimeyabadilisha yote, hiyo ndiyo kawaida yangu, lakini mashine nitaibadilisha na nini? Umeniambia mwenyewe iko moja tu kutoka Konza mpaka Matuu. Nimecheka mpaka nikatoka nje kuvuta pumzi. Kisha nikafikiri, huyu si mjinga. Huyu moyo wake ulishaamua kusema, ni mdomo tu umebaki nyuma.

Nianze na kukugombeza, maana nikianza na huruma utasahau. Mzee alikupa ruhusa ya vitu vyote akakunyima kimoja, na wewe ukakifungua hicho kimoja. Mbuzi hujatoa, tayari unamkaidi baba mkwe. Ukiona springi zimekufa, ungeenda Kathiani ukamwambia, "Mzee, nimeishusha kilimani ikapiga magoti, njoo uone." Angekasirika siku moja. Mtu aliyefuata ng'ombe juu ya mawe anajua chuma huchoka. Ulichomnyima si springi zake, ulimnyima nafasi ya kukubali mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri. Unadhani mzee hajui?

Mtu amekalia mashine moja karibu maisha yake yote. Anaijua kama anavyojua kitanda chake. Kabla hajapanda anaukandamiza usukani mara mbili. Alikuwa anakandamiza nini kama si foku? Anashuka mpaka mtoni, anarudi anasugua vifundo vya mikono, anasema ni baridi. Kathiani kuna baridi, sikatai, lakini baridi haichagui vifundo ikaacha masikio. Hizo springi zako ni ngumu mno kwake, zimempiga mikono, mwanangu. Muli aliuliza utabeba nini, ukamjibu mbuzi watatu na wapenzi wawili, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye mashine ni mzee mmoja anayepanda peke yake. Hapo ndipo mlipokosea, na ni kosa letu sote huku, kila chenye magurudumu tunakitengeneza kana kwamba kesho kinapeleka maembe sokoni.

Na bado kuna jambo linalonishangaza kuliko yote. Wewe Mkamba mzima, umeona ntheo gani ambapo kijana anasimama kusema? Kijana hukaa, huangalia viatu vyake, na mjomba ndiye anayesema. Mzee Musau, nitamwita hivyo hivyo, analijua hilo kuliko mimi na wewe. Amevunja utaratibu akakupa nafasi ya kusimama mbele ya wazee ueleze ulivyoitengeneza, na akakupa wiki nzima ya kufikiri utasema nini. Huo si mtego. Amekufungulia mlango na anataka kuona kama utaingia. Ukisimama Jumamosi ukasifu springi za zamani, atakushukuru, mbuzi wataliwa, binti utapewa, na toka siku hiyo kila utakalomwambia atalipima mara mbili. Hilo ndilo utakalopoteza. Mwambie Linet namsalimia na kwamba hesabu yake ya mbuzi ni sawa, lakini mkwe hachinjwi akaisha, utakuwa naye miaka yote iliyobaki.

Kwa hivyo fanya hivi, na ufanye leo. Gazeti likifika mkononi mwako, ingia gereji na Muli mtoe vile vipande vya bomba. Springi mpya mziache, hizo zinamlinda kwenye mteremko, lakini mzifunge kulingana na uzito wa mzee, si wa mbuzi. Oili ya foku iwe mpya na iwe sawa miguu yote miwili, mguu mmoja ukilegea kuliko mwenzake mashine itamvuta kando. Ishushe wewe kwanza ule mlima, bila mzigo, ushike breki mahali pabaya kabisa. Ikikutendea vyema, mnunulie mzee kofia ya pikipiki, maana katika barua yako yote nimeiona moja tu na ni yako. Mbuzi watatembea au watapanda pikapu kama mbuzi wengine. Kuingia nyumbani kwa mkwe na ntheo inalia kwenye keria ni sifa ya kutafuta, na umeshatafuta za kutosha.

Ukimaliza, zitie zile springi za zamani kwenye gunia safi, upande mashine uende Kathiani kabla jua halijatua. Mjomba mwache nyumbani, mithali zake ni za kesho. Usiingie ndani, mwombe mzee mkutane bandani penye mashine. Nthoni inakukataza kumtazama machoni, haikukatazi kuangalia foku ukisema ukweli, tena itakuwa rahisi hivyo. Mwambie ulifungua, mwambie kwa nini, mwambie uliogopa. Maneno machache. Kisha mpe gunia umwambie, "Mzee, zako ni hizi, na zangu ziko ndani. Utakazochagua ndizo nitakazofunga." Akichagua za zamani, utazifunga bila kununa, na utamwomba tu asishuke nazo mlimani. Heri lawama kuliko fedheha. Akikugombeza, simama ugombezwe, ni haki yake na haiui.

Na Jumamosi ukiitwa kusimama, simama. Utakuwa na la kusema.

Sasa niruhusuni niseme neno na msomaji wangu mmoja wa huko Kathiani. Mzee wangu, habari ya asubuhi. Pole kwa mikono. Kijana atafika leo na gunia. Ukimsikia, kunja gazeti ulikalie, usimwonyeshe kwamba umesoma. Mwache aseme mpaka mwisho, hata akigugumia, hata ukitaka kucheka. Akimaliza, ndipo umwulize springi hizo alizipata wapi, maana najua swali hilo limekuwasha tangu Jumapili.