Vipande Vinne vya Keki ya Machungwa

Tabora, Jumapili mchana

Mama mkwe, shikamoo.

Huku mvua zimeanza, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini. Mwanao Ngassa alirudi wiki iliyopita kutoka machimboni, baada ya miaka mitatu. Amekonda kidogo, ila kicheko ni kilekile.

Jana nilioka keki ya machungwa kwa ajili ya wageni wa jumuiya, kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Ngassa nilimpikia maandazi, maana wewe mwenyewe ulinionya siku ya harusi kwamba chungwa humvimbisha midomo, na nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu.

Maandazi hakuyagusa. Alikula keki vipande vitatu, akalamba vidole. Nilimtazama midomo mpaka wageni wakaondoka, haikuvimba.

Nikamwambia, “Baba Julieth, umesahau kwamba machungwa yanakudhuru?”

“Yalikuwa yanamdhuru yeye,” akajibu taratibu, akakata kipande cha nne.

Barua hii nampa jirani yangu Benedikta akuletee, kwa sababu simu yangu sasa anaishika huyu aliyerudi. Mama, nisamehe kwa swali hili: siku ulipomzaa Ngassa, ulijifungua mtoto mmoja tu? Mjibu Benedikta kwa mdomo, usiandike.

Leo asubuhi mwanamume huyu amesema keshokutwa tuje Puge kukusalimia. Kisha akaniuliza njia ya kufika kwenye nyumba aliyozaliwa.

Mkamwana wako,
Kabula