Kwa Mama Arvella, Aliyeturudisha Mbugani

Mama, mwaka umezunguka tangu ulipotutoka. Mbuga ya nyuma ya nyumba ilijaa maji tena kipupwe chote, na Mei hii ikajaa maua.

Hapa kijijini kwetu Grand Ronde bado watu wanaiga kicheko chako. Ulikuwa ukicheka mzaha kabla hujaumaliza, hata wale wazee uliowapikia chakula cha mchana miaka yote wakawa wanacheka bila kujua wanachekea nini. Kahawa uliitaka ipoe kwanza. Ukiendesha gari uliimba, na maneno usiyoyajua ulijitungia.

Lakini lipo jambo tunalotaka kila asomaye alijue.

Ulipokuwa msichana, mdogo wako Emile, mtoto wa miaka minne, alichimba kitunguu cha mwituni mbugani akakila. Vitunguu vya maua ya buluu ni chakula chetu sisi Wakalapuya, wenyeji wa asili wa nchi hii, tangu enzi za mababu. Ila katikati yake, kwenye matope yaleyale na nyasi zilezile, huota pia kile cha maua meupe, nacho ni sumu. Maua yakishanyauka, ni shida kuvitofautisha. Emile hakupona. Baada ya maziko, mama yako, Bibi Philomene, alitia mijiti ya kuchimbia motoni, na kwetu hakuna aliyekanyaga kule tena. Miiba ikatanda, miti ikaanza kuota palipokuwa na maua.

Ukazeeka na woga huo. Kisha siku moja ukasema umechoka nao. Ulikwenda kujifunza kwa akina mama ambao hawakuwahi kuacha kuchimba, ukarudi ukafyeka miiba na kung'oa miche. Maua yalipochanua, ukafunga uzi mwekundu kwenye kila ua jeupe, asiliguse mtu.

Kaka yako, Mjomba Clovis, alikufuata kwa gari mpaka uani.

"We Arvella, unataka kutuzika wote?"

"Nataka kuwalisha."

"Mimi sili kilichomuua ndugu yangu."

"Kilichomuua ni cheupe, kaka. Hiki cha buluu kimekosa nini? Kama unaogopa, kaa garini, ila usinipigie honi."

Alikaa garini. Na honi akapiga.

Mwaka wa kwanza tulivifukia shimoni juu ya mawe ya moto, vikatoka vibichi, tukatafuna kama mpira. Ulisema, "Msiwaambie wazee wangu, watanifukuza jikoni." Mwaka uliofuata vilitoka vyeusi, laini, vitamu kama tunda lililokaushwa. Kila mara ulikula wewe kwanza, peke yako, na sisi hukutupa mpaka kesho yake. Tulidhani ni uchoyo, tukakutania. Sasa tunaelewa, Mama.

Ulipoondoka tulisitasita. Binti zako tuliambiana tupumzike mwaka huu. Asubuhi moja tukachungulia dirishani, tukamwona Mjomba Clovis yumo mbugani, suruali imelowa hadi magotini, anafunga nyuzi. Alikuwa amefunga hata maua mawili ya buluu.

"Na hayo je, Mjomba?"

"Haya ni macho ya uzee. Acheni maneno, njooni mchimbe."

Tulichimba naye hadi jua lilipopanda, tukavifukia juu ya mawe ya moto. Shimo lilipofunuliwa, alikishika kitunguu kimoja muda mrefu, akalitaja jina la Emile kwa sauti, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia kinywani mwake. Kisha akala. Akafumba macho.

"Mbona kitamu hivi? Kwa nini hamkuniambia?"

"Mama alikwambia kila mwaka!"

"Nilikuwa nimefunga madirisha ya gari," akasema, huku machozi yakimtoka, akanyoosha mkono apewe kingine.

Tunaokukumbuka kwa upendo: kaka yako Clovis, binti zako Nadine na Rosalie, wajukuu zako Marcel, Odile na Theron, na wazee wote wa meza yako ya mchana.

Hujasahaulika, Mama, wala hutasahaulika.